Jinzi yako, maziwa ya magadi na pesa zilizotupita

Kabla hujaenda mstari wa pili, hebu tazama suruali uliyovaa. Kama ni jinzi, na imepauka pale mapajani vile inabamba, nikuulize swali moja tu: unadhani ni nani aliipausha?

Wikendi mimi huuza jinzi Gikomba na binamu yangu, kwa hivyo swali hili nimeliuliza watu wengi. Wengine hujibu ni mashine. Wengine husema ni kuvaliwa sana huko majuu kabla ya kufungwa kwenye robota. Wachache wanajua habari ya mawe, na hao wako karibu na ukweli. Zamani viwanda viliosha jinzi pamoja na mawe mepesi ya volkano hadi ile rangi ya buluu itoke. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai kama bakteria na kuvu, ambavyo hutafuna uzi wa juu wa pamba polepole mpaka rangi idondoke bila kitambaa kuraruka.

Sasa skiza hii. Kimojawapo cha vimeng'enya vilivyowahi kuuzwa kwa viwanda vya jinzi kilitokana na bakteria wa maziwa ya magadi ya Kenya. Hapa hapa Bonde la Ufa. Siwezi kukuapia kwamba suruali yako ndiyo ilipitia mikono yao. Lakini kisa chenyewe kilitokea, na ukikielewa utaelewa kwa nini vyuo vikuu vyetu vinavumbua mambo makubwa halafu tunabaki kununua bidhaa kutoka nje.

Nilijuaje haya? Nilikuwa komredi. Nilijiunga na chuo kikuu kimoja cha umma kusomea mikrobiolojia, nikafika mwaka wa pili, salio la karo likanipita kimo, nikarudi mtaani. Siandiki ili unionee huruma, hasla inaenda. Lakini kuna siku moja maabarani ambayo sijaisahau. Ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke ilikuwa imeharibika tangu muhula uliotangulia. Fundi wa maabara akaleta kutoka kwake nyumbani sufuria ya presha, ile mama yako hupikia maharagwe, akaibandika juu ya gesi, na humo tukachemshia chakula cha bakteria. Dakika kumi na tano baada ya presha kupanda, kazi ikawa imeisha. Wiki hiyo bakteria wetu waliota vizuri sana. Darasa zima tulipiga makofi.

Nilipiga makofi kama wengine, ila nilibaki na swali. Kama kwa sufuria tunafika hapa, tukipewa vifaa tutafika wapi? Na nani atalipa? Hilo la pili ndilo la leo.

Kwa nini magadi

Magadi unayajua. Ni yale nyanya hutia kidogo kwenye maharagwe au mboga za kienyeji ziive haraka. Sasa piga picha ya ziwa zima la magadi. Wanasayansi wana kipimo kinaitwa pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi huwa karibu 7. Siki iko chini kule, 2 au 3. Ziwa Bogoria hupita 10. Pembeni yake kuna chemchemi zinazotokota hadi watalii huchemshia mayai. Samaki hawezi kuishi humo.

Lakini bakteria wamejaa. Hata flamingo wa kwenye kalenda hupata ile rangi yao ya waridi kutokana na viumbe wadogo wanaowala ziwani. Kiumbe anayeishi mahali pakali hivyo lazima awe na vifaa vya kazi visivyoharibika, na vifaa hivyo ndivyo vimeng'enya. Wewe pia unavyo: mate yako yana kimeng'enya kinachoanza kusaga ugali ukiwa bado mdomoni.

Sasa unganisha. Sabuni ya unga ikiyeyuka ndani ya beseni, maji yanakuwa makali, yanakaribia magadi. Kimeng'enya cha kawaida ukikitia humo kinaharibika. Kile cha bakteria wa maziwa ya magadi kiko nyumbani. Kwa mtu wa kiwanda cha sabuni au cha nguo, hiyo ni dhahabu.

Waliochukua na walichosema

Mapema miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza walikusanya sampuli katika maziwa yetu ya magadi. Kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ikaendeleza vimeng'enya kutoka kwa bakteria hao, ikachukua hataza, yaani haki ya kuwa ni wewe peke yako unayeruhusiwa kuuza ulichovumbua kwa muda fulani, kisha ikaingia sokoni. Bidhaa moja ilikuwa ya kutiwa kwenye sabuni ili nguo za pamba zisifanye manyoya. Nyingine ikaenda kwa watu wa jinzi.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, likajitokeza hadharani likidai sehemu ya mapato, kwa hoja kwamba sampuli zilitoka bila idhini yake. Kampuni ikajibu kwamba ilifuata sheria na kwamba vibali vilikuwepo. Mwaka uliofuata Genencor ikanunuliwa na Danisco ya Denmark. Mwaka 2011 Danisco nayo ikanunuliwa na DuPont. Kama umewahi kudai deni kwa jirani anayehamahama, unajua shida yake.

Hapa ndipo mtandaoni watu huwaka: "Wazungu wametuibia!" Hata mimi niliwaka nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini tuchambue polepole, kwa sababu hasira bila hesabu haijazi mfuko.

Kwanza, wakati sampuli zinachukuliwa, sheria ya dunia kuhusu jambo hili ilikuwa changa kabisa. Mkataba wa kimataifa wa Bayoanuwai ulisainiwa Rio mwaka 1992 na kuanza kutumika Desemba 1993. Ndio uliosema waziwazi kwamba viumbe walio ndani ya mipaka ya nchi ni mali ya nchi hiyo. Kabla ya hapo, bakteria alihesabiwa kama hewa tu: wa kila mtu, kwa hivyo wa yule aliyewahi.

Pili, hili halikutupata sisi peke yetu. Mwaka 1966, mwanasayansi Thomas Brock alipata bakteria ndani ya chemchemi moto za mbuga ya Yellowstone, Marekani. Kimeng'enya cha bakteria huyo ndicho kilichokuja kuwezesha PCR, ule ufundi wa kunakili chembe kidogo ya DNA mpaka zipatikane mamilioni. Unakumbuka wakati wa korona, kijiti kile cha puani? Kipimo kilichofuata maabarani kilitumia ufundi huo. Kampuni ya Cetus iliyouanzisha iliuza haki zake kwa Roche mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Mbuga ya Yellowstone haikupata hata senti. Mbuga hiyo ilikuwa na lango, askari na sheria za kutosha. Ilichokosa ni mkataba. Kwa hivyo hata Wamarekani waliwahi kuachwa kwenye mataa, tena nyumbani kwao.

Tatu, na hii ndiyo inauma: matope si bidhaa. Kati ya chupa ya matope na pakiti ya sabuni kuna miaka ya kazi. Lazima umtenge bakteria mmoja kati ya maelfu, ukijue kimeng'enya chake, ukitengeneze kwa mapipa, ukipime, ukisajili, utafute mnunuzi. Aliyelipia miaka hiyo ndiye aliyeandikisha jina. Sisi tulikuwa na ziwa. Hatukuwa na pesa za hiyo miaka ya katikati.

Sheria sasa tunazo, lakini chupa imebadilika

Usidhani tulilala. Mwaka 2006 Kenya ilitoa kanuni zinazomtaka yeyote anayechukua viumbe kwa utafiti apate kibali na akubaliane jinsi ya kugawana faida. Mwaka 2007 KWS ikaingia mkataba na Novozymes, kampuni ya vimeng'enya ya Denmark: wao waruhusiwe kutafuta vijidudu mbugani, nao walipe na kusaidia mafunzo na vifaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaipa serikali jukumu la kulinda rasilimali za kijenetiki. Na Itifaki ya Nagoya, inayohusu mgao huu wa faida, ilianza kutumika Oktoba 2014.

Kuna watu ambao huwa tunawasahau katika simulizi hii. Jamii ya Waendorois iliondolewa kando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973 ili eneo liwe hifadhi. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikapendekeza warudishiwe ardhi yao na walipwe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi za pale. Kwa hivyo ukisema "bakteria ni wetu", jiulize pia sisi ni kina nani. Baringo isije ikaifanyia Nairobi malalamiko yaleyale ambayo Nairobi inaifanyia California.

Shida ni kwamba leo hakuna haja ya kubeba matope. Mtafiti anasoma DNA ya bakteria, anaiweka mtandaoni kama faili, na kampuni iliyo upande mwingine wa dunia inaipakua na kutengeneza kimeng'enya bila mtu wake hata mmoja kukanyaga JKIA. Afisa wa uwanja wa ndege atakagua begi gani? Ndiyo maana Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, uliotokana na mazungumzo ya Bayoanuwai yaliyofanyika Cali, Colombia. Kampuni kubwa zinazotumia data hizo za kijenetiki zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya pesa ziende kwa jamii za kiasili na wenyeji. Ni hatua nzuri. Lakini kuchangia ni kwa hiari. Nawe unajua mchango wa hiari ulivyo, hata kwenye grupu la WhatsApp la harambee ya beste.

Kwa hivyo kutegemea kulipwa fidia peke yake hakutoshi. Njia ya uhakika ni sisi wenyewe kuvuka ile miaka ya katikati. Na kabla hujasema haiwezekani, nikuonyeshe mahali imewezekana.

Waliovuka

Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, kina kituo cha vijidudu kiitwacho MIRCEN kilichoanza 1977. Humo walitengeneza bidhaa inayoitwa BIOFIX. Ni bakteria waishio kwenye vifundo vya mizizi ya maharagwe, soya na jamaa zao, wanaovuta naitrojeni kutoka hewani na kumpa mmea. Mkulima anapaka mbegu kivulini kabla ya kupanda, basi. Kampuni ya MEA ya Nakuru ikapewa leseni ya kuitengeneza na kuiuza. Umeona hiyo njia? Maabara ya chuo, leseni, kiwanda, duka la pembejeo. Na ni pakiti ndogo inayoingia mfukoni, si gunia la kilo 50. Haifanyi kazi kwa mahindi, na haileti fosforasi, kwa hivyo si muujiza. Lakini katika nchi iliyopitia sakata ya mbolea ghushi mwaka 2024, wakulima wakiuziwa udongo kwenye magunia ya ruzuku, ni ajabu kwamba kila mwanasiasa anajua bei ya gunia na sijasikia mmoja akitaja pakiti hiyo jukwaani.

Mfano wa pili ni wa kufa na kupona. Mwaka 2004, mwaka uleule KWS ilipokuwa ikidai mapato ya maziwa, watu 317 waliugua kutokana na mahindi yenye sumu ya aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui. Watu 125 walikufa. Sumu hiyo hutolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka shambani na ghalani. Huioni kwa macho, na ukipika ugali haiondoki.

Dawa iliyopatikana inanifurahisha mpaka leo. Si kila kuvu ya aina hiyo hutoa sumu. Zipo zisizo na sumu, zinazogombania nafasi ileile shambani. Ukizitafuta hizo nzuri, ukazipandikiza kwenye punje za mtama na kuzitawanya shambani kabla mahindi hayajachanua, zinawahi nafasi na kuzibana zile mbaya. Mbinu hiyo ilianzia kwenye pamba kule Arizona, Marekani. Lakini kuvu za Arizona hazingeletwa hapa. Ilibidi zitafutwe zilizozaliwa kwenye udongo wetu, na kazi hiyo ikafanywa na KALRO pamoja na taasisi ya IITA na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Bidhaa, Aflasafe KE01, ilisajiliwa Kenya mwaka 2015 na hutengenezwa Katumani, Machakos.

Shika jambo hilo, kwa sababu ndilo uti wa hoja yangu. Simu unaweza kuiagiza Uchina. Dawa ya maumivu unaweza kuiagiza India. Lakini kijidudu ni mwenyeji. Kinachofanya kazi kwenye udongo wa Makueni lazima kitafutwe na kipimwe Makueni. Utafiti huu hauwezi kuagizwa kama mitumba.

Angalia malaria. Mwaka 2020, watafiti wa icipe, taasisi ya Kasarani iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, walitangaza kijidudu kiitwacho Microsporidia MB. Walikikuta ndani ya mbu wa hapa Kenya, wakiwemo wa fuo za Ziwa Victoria. Mbu aliye nacho anashindwa kubeba vimelea vya malaria, na mbu jike hukirithisha watoto wake. Kwa sasa ni asilimia ndogo tu ya mbu wanaokibeba kiasili, na kazi iliyobaki ni kujua jinsi ya kukisambaza. Hapo ndipo tuko sasa hivi: kwenye ile miaka ya katikati. Atakayelipia hiyo miaka ndiye atakayekaa mezani siku ya kugawa.

Maji na kawi pia vimo. Majitaka ya Nairobi yakifika kwenye mabwawa ya Ruai, wanaoyasafisha ni bakteria. Wale wa chini, pasipo na hewa, huoza uchafu na kutoa gesi. Kwenye bwawa la wazi gesi hiyo hupaa ikaenda zake. Kibera, kwenye vyoo vya umma vilivyojengwa na shirika la Umande Trust, gesi ya aina ileile hukusanywa chini ya sakafu na watu huipikia chai. Bakteria ni walewale. Tofauti ni kwamba mahali pamoja mtu aliweka kifuniko na bomba.

Asilimia mbili

Sasa tuje kwenye doo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa kifedha. Pato letu lilipita Sh16 trilioni mwaka 2024. Piga hesabu: zaidi ya Sh320 bilioni kwa mwaka. Hazina hiyo haijawahi kukaribia hapo.

Wengi wangemaliza makala hapa kwa kupiga kelele "tupewe asilimia mbili yetu!" Mimi nitakuambia ukweli mwingine. Mwaka 2025, kuanzia Septemba hadi Novemba, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021. Siku 49, na mwishowe wakakubaliana zilipwe kwa awamu mbili. Serikali inayovutana hivyo kwa bilioni 7.9, itoe wapi 320? Sheria ile iliandikwa kama maombi ya mwaka mpya. Na ahadi kubwa kupita kiasi ina ubaya wake: kila mtu anajua haitatimizwa, kwa hivyo hakuna anayewajibishwa ikivunjwa.

Pengo hilo huzibwa na wafadhili wa nje. Si vibaya, ni wao waliotufikisha kwa Aflasafe. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya na utafiti humu nchini ilisimama ghafla na vijana waliosoma wakatumwa nyumbani. Bakteria hawajui habari za uchaguzi wa Marekani. Usipowalisha na kuwahifadhi kwenye baridi, wanakufa, na kazi ya miaka inamwagwa kwenye sinki.

Nina beste tuliyeanza naye darasani. Yeye alivumilia akamaliza, tena vizuri. Mradi wake wa mwisho ulikuwa kutenga bakteria wa ziwa la magadi wanaotoa kimeng'enya cha kusaga wanga. Alifaulu, akapewa alama, akafunga kitabu. Sahani zake zilikaa kwenye friji ya maabara hadi stima ilipopotea wikendi moja. Leo anapima maziwa kwenye kiwanda, yale ya ng'ombe, na anashukuru ana kazi. Nilipomuuliza kama aliwahi kufikiria hataza, alicheka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alichokuwa nacho mkononi ni kitu cha aina ileile ambacho Genencor iliuza.

Uliza hivi

Kwa hivyo, badala ya kudai bilioni 320 ambazo haziji, mimi ningeanza na mambo matatu ambayo yanawezekana.

La kwanza: chuo kiwe na friji isiyozimika. Simaanishi mzaha. Kila kijidudu kinachotengwa na mwanafunzi kihifadhiwe, kiandikishwe, na kiwe na jina la aliyekipata na eneo kilipotoka. Jenereta na daftari, ndiyo gharama yenyewe.

La pili: pesa za katikati. Si lazima ziwe nyingi, lakini ziwe za uhakika, na zitolewe kwa kazi iliyokwisha kuthibitika maabarani ili ipelekwe shambani, isajiliwe na itafutiwe kiwanda. BIOFIX ilipata kiwanda, Aflasafe ikapata Katumani. Nyingine nyingi zilipata alama ya A na vumbi.

La tatu: mikataba iwe wazi. Kila kibali cha kuchukua vijidudu, na kila makubaliano ya mrabaha, yachapishwe mahali ambapo mzee wa Bogoria na komredi wa Juja wanaweza kuyasoma. Tukijua nani alichukua nini na kwa masharti gani, hatutasubiri miaka kumi kisha tukimbilie magazetini.

Uchaguzi wa 2027 uko njiani. Watakuja mtaani na fulana na kofia, watacheza dansi juu ya gari, watasema "vijana na teknolojia" mara mia. Wewe muulize mmoja wao: bajeti ya utafiti ni shilingi ngapi, na ngapi kati yake zilifika? Muulize gavana wako kama kaunti inawaonyesha wakulima wa maharagwe kitu kingine zaidi ya gunia la mbolea. Ukiona anameza mate, ujue swali limefika.

Yule fundi wetu wa maabara bado yupo, nilipiga simu juzi kumuuliza. Ile mashine ilitengenezwa hatimaye, ikaharibika tena. Sufuria yake ya presha haijarudi nyumbani mpaka leo, na mkewe amenunua nyingine.

Mimi Jumamosi niko Gikomba kama kawaida. Ukija kutafuta jinzi iliyopauka vizuri, tutapatana bei. Lakini kwanza nitakuuliza nani aliipausha, na sasa jibu unalo.